Binti anapotaka kusomea anga

Mwenye kukaa katika ofisi ya msikiti huletewa mengi. Huletewa ndoa zilizolegea, mirathi inayogombaniwa, risiti za saruji na malalamiko juu ya kipaza sauti. Wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, tuliletewa jambo ambalo hatukuwahi kuletewa tangu tukabidhiwe ukatibu wa kamati hii hapa Buhigwe. Mzee mmoja wa jamaa zetu, mkulima wa kahawa na maharage, aliingia akiwa ameshika simu ya binti yake, akatuonyesha ujumbe. Binti amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya Fizikia, Jiografia na Hisabati, naye amechaguliwa kusoma shahada ya sayansi ya hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku za kuthibitisha nafasi zilikuwa zinahesabika.

“Ustaadh,” alisema mzee, “ualimu naujua. Uuguzi naujua. Hii ya kusomea mvua sijaielewa. Siyo kumwingilia Mwenyezi Mungu katika ghaibu yake?”

Hatukumjibu siku ile, kwa sababu swali la mtu mzima halijibiwi huku mtu akitafuta viatu vyake mlangoni. Tulimwomba atupe siku mbili. Yafuatayo ndiyo tuliyomweleza, na tunayaandika hapa kwa kuwa tunaamini kuwa wazazi wenye swali hilo ni wengi, na wengine hawaji hata kuuliza. Humwambia binti akae nyumbani, yakaisha.

Aya inayotajwa aghalabu ni ile ya mwisho ya Sura Luqman. Humo yametajwa mambo matano yaliyo katika elimu ya Allah, na kuteremka kwa mvua ni miongoni mwake. Watu wengi wameishia hapo. Lakini wanazuoni wetu wametofautisha baina ya ghaibu, ambayo kiumbe hana njia yoyote ya kuifikia, na jambo lenye dalili zake ambazo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameziweka mbele ya macho ya waja. Mama wa Muyama anayeona wingu zito likijikusanya upande wa Burundi, akakimbia kuanua maharage yake, hajadai ghaibu. Amesoma dalili. Mtaalamu wa hali ya hewa anafanya kazi ileile ya mama huyo, ila yeye anasoma joto, mgandamizo wa hewa, unyevu na mwendo wa upepo, hapa na katika maelfu ya vituo vingine, tena akitazama kwa setelaiti. Mwisho wa yote hasemi kwa yakini. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa mvua za Msimu kwa mikoa ya magharibi, husema mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, au juu ya wastani, au chini ya wastani. Neno ni “zinatarajiwa”. Mwenye kudai ghaibu hasemi hivyo.

Tunadhani sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu. Tumesema “utabiri wa hali ya hewa”, na “mtabiri” katika masikio ya wazee wetu ni yule mwenye kibuyu na vipande vya kioo. Laiti waliotangulia wangechagua neno lingine, huenda mzee wetu asingepata shaka.

Wapo pia wanaoitaja hadithi ya Hudaybiya. Mvua ilinyesha usiku, na baada ya Alfajiri Mtume (rehema na amani zimshukie) akawaeleza masahaba kwamba wako walioamka wakiinasibisha mvua ile na fadhila za Allah, na wako walioinasibisha na nyota fulani. Hao wa pili wakalaumiwa. Lawama ile ni ya kuifanya nyota kuwa ndiyo mpaji wa mvua. Anayesema kwamba Mola amejaalia upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo upande milima yetu, upoe, ukusanye mawingu na kunyesha, hajaipa nyota wala upepo uungu wowote. Atakayerejea Sura An-Nur, aya ya 43, ataona Qur'ani yenyewe ikimtaka mtu atazame jinsi mawingu yanavyosukumwa, yakaunganishwa, yakarundikwa, kisha mvua ikatoka kati yake. Tumeamrishwa kutazama. Binti huyu anataka kwenda kutazama.

Hapo mzee alitikisa kichwa kukubali, lakini tuliona bado kuna jambo. Tukamwuliza: “Mzee wangu, Ramadhani iliyopita ulifuturu saa ngapi?” Akacheka, kwa kuwa kisa anakijua. Miaka michache nyuma tuliikuta nyumba moja ikifuturu kwa adhana ya redioni kutoka Dar es Salaam, na jua la Buhigwe lingali juu ya vilima vya Burundi. Sisi tuko magharibi mwa Dar es Salaam kwa zaidi ya digrii tisa za longitudo, na kila digrii moja ni dakika nne. Jua letu linachelewa kuzama kwa dakika 35 na zaidi. Watu wema, wenye njaa na nia safi, walikuwa wanakula mchana. Tangu siku hiyo ratiba ya swala hatuinakili tena kutoka kalenda za pwani bila kuipigia hesabu.

Hesabu hizo zilikuwa na mtu wake katika misikiti ya kale. Aliitwa muwaqqit, mwanafalaki aliyeajiriwa na msikiti kupanga nyakati za swala. Ibn al-Shatir, ambaye hesabu zake za mwendo wa sayari zinafundishwa hadi leo katika historia ya sayansi, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya mjini Damascus katika karne ya 14, na mwaka 773 Hijria aliutengenezea mnara wa msikiti huo saa ya jua. Kabla yake, katika karne ya 11, kadhi mmoja wa Andalusia, Ibn Mu'adh al-Jayyani, alijiuliza swali ambalo kila mwenye kuamka Alfajiri angeweza kujiuliza: ikiwa jua bado liko chini ya upeo, hii nuru ya mwanzo inatoka wapi? Akaona kwamba hewa ya juu inapokea miale ya jua kabla yetu sisi tulio chini na kuturudishia. Akachukua kiasi ambacho jua limeshuka chini ya upeo wakati nuru inapoanza, akapiga hesabu, akapata kwamba hewa yenye kuirudisha nuru ile inafika juu zaidi kidogo ya maili 50, kwa maili za zama zake. Kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi, huku watu wakidhani ni cha Ibn al-Haytham. Kadhi aliyakuta maumbile ya anga katika wakati wa swala. Leo kamati za misikiti, na yetu ikiwa ya kwanza, zinachangisha fedha za mnara, lakini mtu wa kuhesabu kivuli cha mnara huo hazina.

Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwa mzee. Binti na mama yake walikaa nasi uani. Tulimwuliza binti kwa nini amechagua fani hii na si nyingine, nasi tulitarajia atasema ajira. Akamtazama baba yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo: “Nilitaka kuijua ile radi.”

Kikawa kimya. Sisi tunaijua radi anayoisema, na wanakijiji wote wanaijua. Miaka sita iliyopita, binti akiwa darasa la saba, mvua za Novemba zilikuja na radi iliyoupiga mti nyuma ya nyumba hii. Ng'ombe wawili, mama na mtamba wake, walikuwa wamefungwa chini yake. Wote walikufa. Kabla ya jua kuzama ilikwisha kusemwa kwamba radi ile “imetumwa”, na jina likatajwa, nalo ni la ndugu yake mzee, wa baba mmoja, ambaye shamba lake limepakana na hili na ambaye walikuwa na maneno juu ya mpaka. Tangu siku ile ndugu hawa hawasalimiani. Ijumaa wanasimama katika safu moja, mmoja kulia kabisa na mwingine kushoto kabisa, na imamu anaposema tusawazishe safu sisi sote tunainamisha macho. Kamati haijawahi kuwaita. Hilo ni letu, na hatutalikwepa.

Tuseme wazi, asije mtu akatunukuu vibaya: hatukanushi kuwepo kwa sihri. Qur'ani imeitaja na imeilaani. Lakini kumnyooshea Mwislamu kidole kwamba yeye ndiye aliyeua kwa radi, bila ya shahidi wala dalili, ni jambo jingine, na kwalo watu wamevunja undugu, na katika nchi yetu wazee, hasa akina mama wakongwe, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa siku ileile. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuacha maneno yale yapite, basi ni baba aliyetoka kuzika. Hakuyaacha yapite. Aliwaeleza watu kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Wanafalaki wa leo wamerudisha hesabu nyuma na kukuta kwamba kupatwa kule kulikuwa tarehe 27 Januari 632.

Radi nayo ina utaratibu wake. Ndani ya wingu kubwa la mvua, lile linalopanda kama mnara hadi kilometa kumi na zaidi, hewa ya joto inasukuma juu matone ambayo huko yanakuwa barafu. Chembe ndogo za barafu hugongana na mawe laini ya mvua, na katika kugongana huko chaji za umeme hutengana, za aina moja zikabaki juu na za pili zikashuka chini. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme hupita. Njia yake hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hutanuka ghafla, na huo ndio mngurumo. Kitu kirefu kilichosimama peke yake ndicho kilicho katika hatari zaidi: mti, mlingoti, au mtu katikati ya shamba la maharage. Ng'ombe waliofungwa chini ya mti wako katika hatari maradufu, kwa sababu umeme unaposhuka kwenye shina husambaa ardhini, na mnyama mwenye miguu minne iliyoachana huupitisha mwilini mwake.

Na kwa nini sisi, na si watu wa Dodoma, ndio tunaopigwa sana? Kwa sababu tunaishi pembezoni mwa moja ya tanuri kubwa za radi duniani. Watafiti waliokusanya taarifa za setelaiti za miaka 16 walichapisha mwaka 2016 orodha ya mahali penye radi nyingi. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Barani Afrika iliyoongoza ni Kabare, mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya majirani zetu Warundi, yenye miale 205 kwa kila kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Hewa ya misitu ile na ya maziwa ndiyo inayopanda milima ya Heru. Hakuna ukoo wenye kutuma miale 205.

Binti alituongezea jambo ambalo sisi hatukulijua, naye alilisoma katika kitabu cha shule. Mwaka 1979 chombo cha Wamarekani kiitwacho Voyager 1 kilipita karibu na sayari ya Mshtarii, kikapiga picha za upande wake wa usiku, na ndani ya mawingu yake mkaonekana miale ya radi. “Kule, baba,” alisema, “hakuna jirani.”

Mama yake alicheka hadi akajifunika kanga. Mzee hakucheka, ila aliinuka akaenda kumwangalia mbuzi aliyekuwa amefungwa mahali pake salama kabisa.

Tulipata nafasi, akiwa huko, ya kuuliza binti atasoma nini hasa, maana jina la shahada peke yake halimwelezi mzazi. Msingi wake ni fizikia na hisabati: joto linavyosafiri, hewa inavyojongea juu ya dunia inayozunguka, maji yanavyogeuka mvuke na mvuke kuwa mvua. Juu ya msingi huo yanakuja matumizi: hali ya hewa kwa marubani, kwa kilimo, kwa mabaharia na wavuvi, na mabadiliko ya tabianchi. Akitaka kuendelea mbele, milango ni mipana. Sheria zilezile za hewa zinatumika kuchunguza anga la Mirihi na la Zuhura, na wala hili si la Wazungu peke yao. Chombo cha Al-Amal kilichotumwa na Umoja wa Falme za Kiarabu kilifika Mirihi mwezi Februari 2021, kazi yake ikiwa kuchunguza hewa ya sayari ile, na aliyeongoza upande wake wa sayansi ni mwanamke wa Kiislamu, Sarah Al Amiri. Hapa kwetu, Dk. Agnes Kijazi aliiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 alichaguliwa makamu wa tatu wa rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Aliyemfuata, Dk. Ladislaus Chang'a, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la dunia la wanasayansi wa tabianchi. Tanzania, ambayo hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ilihudumiwa katika mambo ya hewa na idara yenye makao yake Nairobi, leo ina watu wa daraja hilo.

Kwa mzazi ambaye Dar es Salaam ni mbali, na ni mbali kweli, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, tunamkumbusha jambo ambalo watu wa mkoa huu wanalisahau: Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kiko Kigoma. Hapo hapo kwetu. Vijana wanatoka mikoa mingine, wanapita Kasulu na basi likiwaleta kusoma cheti na stashahada za hali ya hewa, na sisi tulio jirani hatupeleki wetu. Kijana mwenye Fizikia na Hisabati nzuri ya kidato cha nne au cha sita anaweza kuanzia huko, akapata kazi, kisha akaendelea na shahada. Masharti ya kujiunga hubadilika, kwa hiyo mzazi asitegemee maneno ya kijiweni. Asome mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Na kwa shahada, fomu za Bodi ya Mikopo zijazwe mapema, vyeti vya kuzaliwa viwe vimehakikiwa, maana tumeona watoto wenye akili wakikwama kwa karatasi moja.

Sharti tulilokuwa tukilingoja lilikuja mwishoni, na mama ndiye aliyelisema: binti atakaa na nani? Ni swali la haki na hatulidharau. Tumeandika barua kwa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu chuoni, na akina mama wa msikiti wetu wanaye jamaa yao anayeishi jirani na chuo ambaye amekubali kumpokea kwa mwezi wa mwanzo. Mchango wa nauli na godoro ulipitishwa Ijumaa iliyofuata. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa vigae, lakini ulipatikana.

Mzee alithibitisha nafasi siku moja kabla ya mwisho. Alikuja na simu ileile ofisini ili tumsomee kama kweli imeandikwa kuwa amethibitisha. Tukamsomea. Kisha, kwa kuwa tulikuwa wawili tu, tukamwuliza kama sasa atakwenda kumsalimia ndugu yake.

Alikaa kimya kwa muda. “Tuache mvua zianze kwanza, Ustaadh,” akasema.

Sisi tumeamua kutosubiri mvua. Kamati itawaita wote wawili kabla ya Novemba, na tumemwomba imamu aisimulie hadithi ya kupatwa kwa jua katika khutba, bila ya kumtaja mtu. Binti naye ametuachia kazi. Anataka madrasa yetu iwe na kipimamvua, na watoto waandike kila asubuhi saa tatu idadi ya milimita katika daftari, ili akirudi likizo akute mwaka mzima wa mvua ya Buhigwe umeandikwa. Daftari tumeshanunua. Kipimamvua bado, na fundi aliyeahidi kutuchongea nguzo yake amesema atakuja baada ya kuvuna.